Upweke na Urafiki Katika Vitabu vya Picha

Wako watu, na pengine wewe msomaji ni mmoja wao, wanaodhani kuwa kitabu cha picha ni kitu cha kuachwa nyuma pamoja na kaptura za darasa la kwanza. Mtu akishaweza kusoma sura ndefu zisizo na michoro, hujiona amepanda cheo, na kurudi kwenye kitabu chembamba cha kurasa 32 huona ni kushuka. Dhana hiyo haina msingi. Kitabu cha picha ndicho kitabu cha kwanza kumfikia binadamu, nacho humfikia kabla hajaweza kujitetea. Mtoto hana elimu ya kukipinga, wala hana maneno ya kusema kwamba kimemdanganya. Kwa sababu hiyo kitabu cha picha chastahili kupimwa kwa mizani kali kuliko ile tunayopimia riwaya za watu wazima.

Katika insha hii nataka tuvipime pamoja vitabu vya aina moja tu, navyo ni vile vinavyosimulia upweke na urafiki. Kazi hii si ya wasomi wakubwa peke yao. Wengi wenu mna ndugu wadogo nyumbani ambao jioni husema, "Nisomee." Baadhi yenu mtaingia vyuo vya ualimu vya Meru, Egoji au Kigari, na kabla ya mwaka wa kwanza kwisha mtasimama mbele ya watoto arobaini wenye macho arobaini jozi, na miongoni mwao hamtakosa aliyefiwa na mama. Mtamsomea nini? Hilo ndilo swali letu.

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Kuwa peke yako si upweke. Kijana anayechunga mbuzi katika nyika za Tharaka aweza kushinda mchana kutwa bila kuonana na mtu, asiwe mpweke hata kidogo, kwa maana anajua kwamba jioni kuna anayemngoja na chungu kiko motoni. Lakini mwanafunzi mgeni wa bweni, aliyelala katikati ya vitanda themanini, aweza kuwa mpweke kupita kiasi. Upweke, basi, si upungufu wa watu. Ni kukosa mtu ambaye kuwapo kwako au kutokuwapo kwako kunamgusa. Mtu mzima hulijua jambo hilo na hulisema. Mtoto hulijua lakini hawezi kulisema. Huumwa tumbo, hukataa chakula, hupigana, au hukaa kimya. Hapo ndipo picha inapopata kazi ambayo maneno hayaiwezi: humwonyesha mtoto hali yake ikiwa nje yake, imekaa juu ya karatasi, ili aweze kuinyoshea kidole na kusema, "Huyu."

Tena ni lazima tujue kitabu cha picha kinavyofanya kazi. Ndani yake wasimulizi ni wawili, maneno na picha, na kila mmoja ana zamu yake. Mwandishi mbaya huyafanya maneno yarudie kile ambacho picha imekwisha kusema: picha yaonyesha mtoto analia, na chini yake imeandikwa kwamba mtoto analia. Mwandishi mwema huacha mmoja anyamaze mwenzake akisema. Kuna na msimulizi wa tatu ambaye wengi hawamwoni, naye ni ule muda wa kugeuza ukurasa. Katika muda huo mfupi mtoto huuliza moyoni, "Je, atakuja? Atabaki peke yake?" Kitabu cha upweke huishi au hufa katika kugeuza kurasa.

Sasa tuje kwenye mfano. Nimechagua mfano wa hapa Kenya, tena wa jambo lililotukia kweli, kwa kuwa jambo hilo moja limeandikiwa vitabu vya picha vitatu vilivyo tofauti, na hakuna njia bora ya kujifunza uhakiki kuliko kutazama kisa kimoja kikipita katika mikono mitatu.

Mnamo tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko kubwa chini ya bahari karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi ya tsunami yakaivuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Huko Malindi kulikuwa na kundi la viboko waliokuwa wameteremshwa na mafuriko ya mto Sabaki hadi karibu na bahari. Baada ya mawimbi kupita, alionekana kiboko mmoja tu, ndama wa umri wa mwaka mmoja hivi, amekwama kwenye mwamba wa matumbawe. Watu walihangaika naye kwa muda mrefu kwa kamba na nyavu, maana ingawa alikuwa mtoto, uzito wake ulipita kilo 250 na mwili wake ulikuwa unateleza. Mwishowe mwokoaji mmoja aitwaye Owen alimrukia na kumshika, na kiboko akapewa jina lake. Alipelekwa Haller Park huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Mahali hapo zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi kame isiyo na jani, ambayo tangu mwaka 1971 René Haller aliigeuza kuwa msitu. Alipofunguliwa huko, kiboko mdogo alikimbia moja kwa moja hadi kwa kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, akajificha nyuma yake. Jina la kobe huyo lilikuwa Mzee.

Picha ya wawili hao ilizunguka dunia nzima. Mmarekani Craig Hatkoff na binti yake Isabella, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita, waliiona, wakashirikiana na Dakta Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi ile, pamoja na mpiga picha Peter Greste. Kitabu chao, Owen & Mzee, kilichapishwa mwaka 2006, na picha zake si za kuchora bali za kamera. Mwaka huohuo mchoraji Jeanette Winter alitoa kitabu chake kiitwacho Mama. Mwaka 2007 Marion Dane Bauer aliandika A Mama for Owen, na John Butler akakichora. Kiboko ni yuleyule na kobe ni yuleyule, lakini tutaona kwamba vitabu hivi havimwambii mtoto maneno mamoja.

Tuanze na kile cha picha za kamera. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hakifichi jinsi mambo yalivyoanza. Kobe hakumpokea kiboko kwa mikono miwili. Alitoa pumzi kwa ukali, akajikokota kwenda zake. Kiboko akamfuata. Kobe akaondoka tena, naye akafuata tena. Kulipopambazuka walikuwa wamelala pamoja. Siku zile kiboko alikuwa hataki kula, na alianza kula alipomwona kobe akila. Hakuna muujiza hapo. Kuna mmoja aliyerudia kukaribia, na mwingine aliyechoka kukimbia, kisha akazoea, kisha yeye pia akaanza kufuata.

Nilipata kukaa nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya msingi kwenye mitelemko ya Mlima Kenya, nikimtazama mwalimu mwanagenzi akiwasomea watoto kisa hiki. Alipofika mahali kobe anapokataa, alipaharakisha ili afike penye furaha. Msichana mmoja akainua mkono akauliza, "Kwa nini Mzee hakumtaka?" Mwalimu akajibu kwamba baadaye alimtaka. Msichana hakuridhika. Akauliza tena, "Lakini siku hiyo, alilala wapi?" Msomaji, tafakari swali hilo. Watu wazima walikuwa wanakimbilia mwisho wa hadithi, na mtoto alikuwa amesimama katikati yake, kwenye usiku ule wa kwanza. Mtoto mpweke hayuko mwisho wa hadithi. Yuko usiku wa kwanza. Kitabu kinachouruka usiku huo kinamruka na yeye.

Sifa ya pili ya kitabu hiki ni mwisho wake. Waandishi wanakiri kwamba hatutajua kwa yakini kama kiboko alimwona kobe kuwa mama, au baba, au rafiki tu. Wengine huenda wakaona huo ni udhaifu, kana kwamba mwandishi ameshindwa kumaliza kazi yake. Mimi naona ni adabu. Mama wa Owen alipotea. Hakupatikana, na hakuna kobe, hata awe mwema namna gani, awezaye kuwa yeye. Kitabu kinampa kiboko mwenzi, lakini hakimwambii mtoto kwamba nafasi iliyoachwa wazi imezibwa.

Sasa tazama anwani za vile vitabu viwili vingine. Kile cha Bauer, kwa tafsiri, chaitwa Mama kwa ajili ya Owen. Kile cha Winter kina anwani ndefu chini ya jina lake, inayotangaza kwamba ndama aliyempoteza mama amepata makao mapya na mama mpya. Yaani lile swali ambalo kitabu cha kwanza kimeliacha wazi kwa heshima, hivi viwili vimelijibu juu ya jalada, kabla mtoto hajafungua ukurasa wa kwanza. Tena Mzee alikuwa dume. Sina neno na dume kulea, maana wako wanaume wengi wanaolea vizuri. Neno langu ni kwamba waandishi walitaka mama kwa haraka, kwa sababu waliogopa kumwacha mtoto bila mama hadi ukurasa wa mwisho.

Lakini mhakiki mwadilifu hahukumu kitabu kwa jalada peke yake. Winter ana ustadi mkubwa. Maneno ya kitabu chake ni machache kiasi cha kuhesabika kwa vidole, na lililo kuu ni moja, Mama. Fikiri jinsi neno moja linavyoweza kubadilika. Mtoto akilisema akiwa ubavuni mwa mama yake, ni neno la starehe. Akilisema katikati ya maji, ni mlio wa kuomba msaada. Akilisema mahali asipojibiwa, ni neno la msiba. Herufi hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni picha inayozizunguka. Mwanafunzi anayetaka kujua tofauti kati ya maana ya neno katika kamusi na maana yake katika maisha hana haja ya kutafuta mwalimu mwingine. Winter amejua kwamba upweke hauna maneno mengi, na hakujaribu kuukopesha.

Kitabu cha Bauer na Butler kimeelekea njia nyingine. Michoro ya Butler ni laini, na wanyama wake humfanya mtoto atamani kuwapapasa. Sitakidharau. Kuna mtoto wa miaka mitatu ambaye hahitaji kuonyeshwa ukali wa mawimbi, anahitaji kulala salama, na kitabu hiki kitamlaza. Hata hivyo, ulaini una bei yake. Picha ikiwa laini mwanzo, laini katikati na laini mwisho, basi msiba na faraja huwa na rangi moja, na faraja hukosa uzito. Anayepewa koti wakati hana baridi hatashukuru sana.

Huenda ukauliza, je, kamera si bora basi kuliko kalamu, maadamu kamera husema kweli? La, si hivyo. Kamera ina mipaka yake, nayo ni lazima ijulikane. Hakuna aliyekuwa na kamera wakati kiboko alipotengana na kundi lake. Picha ya mama akimezwa na maji haipo, wala haikuweza kuwapo. Mchoraji angeweza kuibuni, lakini mpiga picha hawezi. Ajabu ni kwamba upungufu huo umekisaidia kitabu cha Owen & Mzee. Mama hayumo picha nyingi kwa sababu hayumo, na mtoto anayepekua kurasa akimtafuta anapata kile hasa ambacho kiboko alikipata. Wakati mwingine kitabu husema kweli kwa kile ambacho hakina.

Sisi wa Meru na Embu tunaposoma kisa hiki tuna faida mbili ambazo msomaji wa Marekani hana. Ya kwanza ni kwamba tunamjua kiboko. Wanaokaa Mbeere, karibu na mabwawa ya mto Tana kama Kamburu na Kiambere, wanajua kwamba kiboko si mwanasesere. Hutoka majini usiku na kuharibu shamba, na mtu akikutana naye njiani hupoteza maisha. Mtoto wa huko atalitazama jalada la kitabu hiki kwa macho mengine kabisa. Hataanza kwa kusema, "Jinsi alivyo mzuri!" Ataanza kwa hofu, kisha ataona kwamba hata mnyama wa kuogopwa aliwahi kuwa mtoto na aliwahi kupotelewa. Huruma iliyopitia hofu ni huruma iliyokomaa kuliko ile iliyoanza kwa kupapasa.

Faida ya pili ni jina la kobe. Msomaji wa mbali huelezwa kwamba mzee maana yake ni mtu mwenye umri mkubwa, akatosheka. Kwetu neno hilo ni zaidi ya hesabu ya miaka. Humtaja mtu anayestahili kusalimiwa kwanza, kupishwa njia na kusikilizwa. Nchi iliyo na baraza la Njuri Ncheke inajua uzito wa wazee. Na bado kwetu, mbele ya mzee yuleyule ambaye watu wazima humnyenyekea, mjukuu huruhusiwa kutania, kupanda mgongoni na kumwita mwenzangu. Kwa hiyo urafiki wa kiboko wa mwaka mmoja na kobe wa miaka 130, ambao ulionekana kioja kwa mataifa, sisi tunao katika nyumba zetu. Wangapi miongoni mwenu walilelewa na nyanya baada ya wazazi kufariki au kwenda kutafuta kazi mijini? Mnajua tayari kwamba rafiki si lazima awe wa rika lako. Mnajua pia, jambo ambalo vitabu havipendi kulisema, kwamba mzee naye aweza kuwa mpweke, na kwamba mtoto anayemfuatafuata siku nzima humfaa kama vile anavyofaidiwa.

Ili mizani yetu isiegemee upande mmoja, tutazame kitabu kingine kutoka kwa jirani. John Kilaka, mchoraji wa Tanzania, huchora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake True Friends, yaani Marafiki wa Kweli, kilichapishwa kwa Kiingereza nchini Kanada mwaka 2006. Ndani yake Panya na Ndovu ni marafiki, hata Ndovu anapomhadaa Panya na kumnyang'anya chakula chake wakati wa ukame. Panya anahama kijiji. Ndipo wanyama wengine wanapogundua kwamba yeye peke yake ndiye ajuaye kuwasha moto.

Tofauti ya kitabu hiki na vile vya kwanza ni kubwa. Upweke wa Owen uliletwa na maji, ambayo hayana nia. Upweke wa Panya umeletwa na rafiki yake mwenyewe, na huo ni mchungu zaidi. Tena katika michoro ya Kilaka wanyama huvaa nguo na kusimama wima kama majirani zetu, na rangi ni nyingi na kali. Ungedhani kwamba upweke hauwezi kukaa katika kurasa zilizochangamka hivyo. Lakini Kilaka ameuhamisha: hakuuacha kwa aliyeondoka tu, ameupeleka na kwa waliobaki. Kijiji kisicho na moto ndicho kijiji kipweke. Hilo ni wazo la Kiafrika la kale, kwamba mtu mmoja akikosekana, jiko la kila mtu hupoa. Na kwa kuwa kosa lilifanywa na mtu, dawa yake haiwezi kuwa kupata rafiki mwingine. Lazima aliyekosewa atafutwe na aombwe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walinena. Kilaka anaongeza kwamba aliyekuacha kwenye dhiki ana kazi ya kufanya kabla hajaitwa rafiki tena.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Owen na Mzee hawakuishi pamoja milele. Kiboko alikuwa anakua, na mwenzake alikuwa kobe ambaye angeweza kuumizwa na michezo ya mnyama mkubwa kiasi kile. Tena kiboko ni mnyama wa kundi, na alihitaji kujifunza kuishi na viboko. Mwaka 2007 alitengwa na Mzee, akawekwa pamoja na kiboko jike aitwaye Cleo. Watoto wengi waliosoma kitabu cha kwanza hawakuusikia mwisho huu, na walimu wengi wanaoujua huuficha. Wanaona kwamba unaharibu hadithi. Mimi nasema unaikamilisha.

Mfano wa kuunga mkono neno hili uko karibu nasi. Katika Mbuga ya Wanyama ya Meru, karibu na mto Ura, liko kaburi la simba jike Elsa, aliyefariki Januari 1961. Kisa chake kiliandikwa na Joy Adamson katika Born Free, kitabu cha mwaka 1960 ambacho, ijapokuwa si cha watoto wadogo, kilijulikana duniani kwa picha zake. Usikisome kitabu hicho kwa macho yaliyofumba. Elsa alikuwa yatima kwa sababu mwaka 1956 George Adamson, mume wa mwandishi, alimpiga risasi mama yake. Mkono uliomlea ulitoka katika nyumba iliyomfanya yatima, na dada zake wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi, wakaishi katika bustani ya wanyama. Hayo ni lazima yasemwe. Lakini yasemwe pia kwamba waliomlea Elsa walifanya jambo gumu: walimfundisha kuwinda, wakamrudisha porini huko Meru ili awe simba, na hatimaye alizaa watoto wake huko. Walimpenda kiasi cha kumfundisha asiwahitaji.

Hapo, msomaji, ndipo ninapoliona jambo ambalo vitabu vya picha huliogopa mno. Vingi humwambia mtoto: ulikuwa mpweke, sasa una rafiki, basi yamekwisha. Mtoto huamini. Kisha rafiki anahama shule, au nyanya anakufa, au familia inatoka Chuka kwenda Nairobi, na mtoto hufikiri kwamba ama kitabu kilikuwa cha uongo ama yeye ana kasoro. Kitabu kilicho bora humwambia mambo mawili ambayo yataendelea kuwa kweli hata baada ya hapo. La kwanza, aliyepotea hafutwi na anayekuja. La pili, rafiki si mali. Mzee hakumrudishia Owen mama yake, wala hakuwa wake daima. Alimpa mahali pa kujiegemeza hadi alipoweza kusimama kati ya wenzake. Hicho si kidogo, na mtoto anayeelezwa kweli hiyo hataona kuwa ni kidogo.

Utakapoletewa kitabu cha aina hii, usiulize kwanza kama picha zake ni nzuri. Zitazame, kisha uliza maswali matatu. Je, usiku wa kwanza umo, au umerukwa? Je, maneno yanaipa picha nafasi ya kunyamaza, au yanaisemea kila kitu? Na je, mwisho wake utamfaa mtoto siku ambayo rafiki ataondoka? Kitabu kikishinda katika mawili kati ya hayo, kipe mtoto. Kikishinda katika yote matatu, kinunue uwe nacho wewe mwenyewe, kwa maana hata utu uzima una usiku wa kwanza wake.

Neno la mwisho ni kwa wale kati yenu wenye mkono wa kuchora au ulimi wa kusimulia. Kiboko wa Malindi amepata vitabu, tena kutoka ng'ambo. Lakini bado nangoja kukiona kitabu cha picha cha mtoto wa Maua ambaye mama yake anaondoka kabla ya alfajiri kwenda kuchuma chai, au cha kijana wa Siakago anayeingia bweni na sanduku la bati bila kumjua mtu, au cha nyanya wa Igembe ambaye wajukuu wote wamekwenda shule na ua umekuwa kimya. Visa hivyo mnavyo ninyi. Chukueni karatasi, mzikunje ziwe kurasa 32, na mjaribu. Mkifika kwenye usiku wa kwanza, msiharakishe.